Picha ya Kifua Inayosomwa na Kompyuta: Kijitabu cha Kaya za Handeni na Korogwe

Mtu anayekohoa usiku kucha hadi majirani wakamsikia hafichiki. Mkewe atamhimiza aende zahanati, mwenyekiti wa kitongoji ataulizia habari zake, na mtoa huduma ya afya ngazi ya jamii atafika mlangoni na kikopo cha makohozi. Anayewaumiza vichwa wataalamu wa kifua kikuu (TB) ni mwingine kabisa: yule anayelima, anayekwenda mnadani, anayeimba kwaya au kaswida, naye ana vimelea mapafuni na hajakohoa kiasi cha kumshtua mtu.

Watu hao si wachache. Tafiti za kitaifa zilizofanyika Afrika na Asia, ambamo wataalamu walikwenda hadi vijijini na mitaani kupima watu bila kusubiri waje hospitalini, zimeonyesha kuwa karibu nusu ya watu wazima waliothibitishwa kuwa na TB hawakutaja dalili yoyote walipoulizwa. Maswali manne ya kawaida, yaani kikohozi, homa, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito, yaliwapita pembeni. Picha ya kifua ndiyo iliyowaibua.

Kijitabu hiki kinaeleza picha hiyo, na hasa aina mpya yake: eksirei ambayo kompyuta huisoma ndani ya dakika moja na kutoa namba. Kaya ikielewa namba hiyo inasema nini na haisemi nini, haitaikimbia wala kuitegemea kupita kiasi.

Ugonjwa unapungua, lakini bado upo

Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Hata hivyo, hali imebadilika. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2015 watu 306 kati ya kila 100,000 waliugua TB nchini. Kufikia mwaka 2023 makadirio yalishuka hadi 183. Vipimo bora vya makohozi, dawa za kufubaza VVU na kazi ya kuwatafuta wagonjwa mitaani vyote vimechangia.

Kadiri wagonjwa wanavyopungua ndivyo waliobaki wanavyokuwa wagumu kupatikana. Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa TB, uliofanyika mwaka 2012, ulitumia maswali ya dalili pamoja na eksirei, na ulikadiria kuwa takriban watu wazima 3 kati ya kila 1,000 walikuwa na TB ya mapafu. Kenya ilipofanya utafiti wake, uliokamilika mwaka 2016, ilikuta watu wazima 558 kati ya kila 100,000, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Huko nako picha ya kifua iliwanasa wengi ambao swali la kikohozi cha wiki mbili peke yake lingewaacha waende zao.

Kutoka Glasgow hadi kwenye gari la kliniki

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei nchini Ujerumani mwaka 1895, miaka 13 baada ya Robert Koch kutangaza kuwa kifua kikuu kinasababishwa na bakteria. Miale na ugonjwa vilikutana haraka. Miongo sita baadaye, mwaka 1957, jiji la Glasgow, Scotland, liliwapiga picha za kifua watu wapatao 715,000 kwa wiki tano tu, wakiitwa kwa matangazo, bendi za muziki na zawadi.

Kisha eksirei za umma zikaachwa. Mwaka 1974 kamati ya wataalamu wa WHO ilishauri nchi zisiendelee kupiga picha watu wote kiholela. Filamu zilikuwa ghali, magari yaliharibika mara kwa mara, na wasomaji wa picha walikuwa wachache. Hoja hiyo ya mwisho bado ina uzito Tanzania leo, kwa kuwa madaktari bingwa wa radiolojia wengi wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Picha ikipigwa wilayani inaweza kumsubiri msomaji kwa siku kadhaa, na mgonjwa aliyelipa nauli kutoka Kwamsisi upande wa Handeni, au kutoka Bungu kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, huenda asirudi kufuata majibu.

Mambo matatu yameirudisha eksirei uwanjani. Picha sasa ni za kidijitali, hazihitaji filamu wala chumba cha giza. Mashine zimepungua ukubwa. Mojawapo, Fujifilm FDR Xair, ina uzito wa takriban kilo 3.5 na hutumia betri, kwa hiyo inaweza kufungwa hata uani kwenye shule ya msingi. La tatu ni programu za akili unde zinazosoma picha. Machi 2021 WHO ilizipitisha rasmi: zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchuja watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea ili kubaini nani apimwe TB. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma nao umekuwa ukitumia magari ya kliniki tembezi yenye eksirei na mashine ya GeneXpert ya kupima makohozi.

Kompyuta inaona nini

Kwenye picha ya kifua, hewa huonekana nyeusi na mfupa huonekana mweupe. Pafu lenye afya limejaa hewa, hivyo ni jeusi lenye mishipa myembamba. TB huacha weupe pasipostahili kuwa na weupe: mawingu sehemu za juu za mapafu, mashimo yenye kingo nene, tezi zilizovimba karibu na moyo, au maji yaliyojaa chini ya pafu.

Programu kama CAD4TB, iliyotengenezwa Uholanzi, au qXR, iliyotengenezwa India, zimefundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno za watu wenye TB na wasio nayo, hadi zikajua mpangilio wa weupe na weusi unaoambatana na ugonjwa. Zikipewa picha mpya hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni namba, kwa CAD4TB kuanzia 0 hadi 100. Kadiri inavyopanda ndivyo picha inavyofanana zaidi na za wagonjwa wa TB. Cha pili ni picha ileile iliyopakwa rangi mahali palipoitia programu shaka. Baadhi ya programu hutaja pia kasoro nyingine, kama maji kwenye pafu au moyo uliotanuka.

Kasoro ni neno pana. Kovu la TB iliyopona miaka kumi iliyopita ni kasoro. Nimonia, saratani, moyo ulioshindwa kusukuma damu na vumbi la mawe lililoganda mapafuni vyote huacha alama. Programu haimjui mtu huyo, haijui alitibiwa lini wala anafanya kazi gani. Kazi yake ni ya chekeche: hutenganisha watu wanaopaswa kupimwa makohozi na wale wanaoweza kwenda nyumbani.

Mtihani wa Ukonga

Uwezo wa programu hizi umepimwa Tanzania yenyewe. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha CAD4TB na wahudumu wa afya saba waliozoea kusoma picha katika kliniki za TB. Picha 511 za wafungwa wa gereza la Ukonga, Dar es Salaam, zilisomwa na pande zote mbili. Wahudumu wawili waliishinda kompyuta, watatu walikuwa sawa nayo, na wawili walishindwa nayo.

Matokeo mengine ya utafiti huo yana uzito zaidi kwa mtu anayeishi mbali na hospitali. Katika kundi pana la picha 1,321, programu iliweza kusoma zaidi ya asilimia 99, na muda wake ulijulikana tangu mwanzo. Kwa usomaji wa kawaida, majibu ya picha 160 yalichelewa zaidi ya saa 24. Katika chumba chenye mamia ya watu wanaolala karibu karibu, au katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane, siku moja ya kuchelewa ni siku moja ya kupumua hewa ileile na mgonjwa. Toleo lililojaribiwa Ukonga ni la zamani. Programu hizi zimeboreshwa mara kadhaa tangu hapo.

Namba ya juu si hukumu

WHO imeweka lengo kwa kipimo chochote cha kuchuja: kikamate angalau watu 90 kati ya 100 wenye TB, na kiwaruhusu kwenda nyumbani angalau 70 kati ya 100 wasio nayo. Hesabu hiyo ikipelekwa kijijini hutoa jibu linaloshangaza.

Tuseme watu wazima 1,000 wamejitokeza, na 3 kati yao wana TB. Kipimo kinachofikia lengo hilo kitawanasa wote watatu au wawili. Lakini kati ya wale 997 wasio na TB, karibu 300 nao wataambiwa watoe makohozi. Kwa maneno mengine, kati ya watu mia tatu waliobakizwa, wengi mno watapimwa na kukutwa hawana TB. Kwa sababu hiyo aliyepata namba kubwa hana haja ya kuagana na ndugu, wala familia haina haja ya kumtengea sahani na kikombe. TB huenea kwa hewa, haienezwi na vyombo.

Nani anaamua namba gani ni kubwa? Kila mpango huchagua kiwango chake. Kikishushwa, wagonjwa wachache watakoswa lakini vipimo vingi vya makohozi vitatumika. Kikipandishwa, vipimo vitaokolewa lakini wagonjwa zaidi watapita. Kwa hiyo mtu aliyepimwa kwenye kliniki tembezi Korogwe asilinganishe namba yake na ya shemeji aliyepimwa Mombasa kwa programu nyingine.

Namba ndogo nayo ina mipaka. TB ya tezi za shingo, ya mifupa au ya uti wa mgongo haionekani kwenye picha ya kifua. Kwa mtu anayeishi na VVU, mapafu yanaweza kuonekana safi ilhali vimelea vimo. Kwa wazee, na kwa waliowahi kuugua TB, programu hukosea zaidi, mara nyingi kwa kuhesabu kovu kama ugonjwa. Mwenye kikohozi kisichoisha, homa za jioni au nguo zinazompwaya kila mwezi atoe makohozi hata kama kompyuta imempa namba ya chini.

Vumbi la mkonge, vumbi la mwamba, moshi wa kuni

Handeni na Korogwe zina sababu zao za kuwa na mapafu yenye madoa.

Mkonge uliletwa kwenye pwani ya Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, na mashamba yake bado yapo Korogwe: Ngombezi, Hale, Magoma, Mazinde. Kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha singa, majani husagwa yakiwa mabichi na maji hutiririka, kwa hiyo vumbi ni dogo. Shida iko kwenye brashi, mahali singa kavu zinaposuguliwa na kufungwa marobota. Tafiti za afya ya wafanyakazi wa mkonge Tanzania zilikuta kuwa wa idara ya brashi ndio walioongoza kwa kikohozi, chafya na kubanwa kifua.

Upande wa Handeni kuna dhahabu. Eneo la Magambazi limevuta wachimbaji wadogo kwa miaka mingi, na mwamba unaopasuliwa kwenye duara, yaani shimo la machimbo, na kusagwa kwenye karasha hutoa vumbi laini la silika. Chembe zake huingia hadi ndani kabisa ya pafu, hukaa huko na kulitia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na huongeza mara kadhaa uwezekano wa kuugua TB. Hospitali ya Kibong'oto iliyoko Siha, Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 kama mahali pa kuwalaza wagonjwa wa kifua kikuu, imewachunguza wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani na kukuta silikosisi na TB vikienda pamoja.

Kwenye picha, silikosisi huacha vidoa vidogo sehemu za juu za mapafu, mahali palepale TB inapopenda. Kompyuta itavipa namba ya juu. Ndiyo maana mchimbaji, hata aliyeacha kazi zamani, ni muhimu aitaje kazi hiyo anapohojiwa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe za silika. Kumwagia mwamba maji wakati wa kuchoronga na kusaga hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa.

Halafu kuna jiko. Mama anayepika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha anaweza kukohoa kwa miaka bila kuwa na TB, lakini hakuna anayeweza kujua hilo kwa kumsikiliza tu. Kikohozi kilichozoeleka kuitwa cha moshi nacho kinastahili picha na makohozi.

Siku ya kupimwa

Mpimwaji huvua shati au kubaki na nguo nyepesi isiyo na vifungo vya chuma. Mkufu, hirizi yenye chuma na sidiria yenye waya huondolewa, kwa sababu huacha vivuli. Wanawake hupewa faragha na khanga au gauni la kujisitiri. Mtu husimama na kifua chake kikigusa bamba, huvuta pumzi ndani kabisa na kuibana. Sekunde moja, basi.

Wapo wanaoogopa mionzi. Picha moja ya kifua hutoa dozi ya takriban milisiveti 0.02 hadi 0.1. Ardhi, anga na chakula humpa kila binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka hata kama hajawahi kuiona mashine. Picha moja basi ni sawa na mionzi ya asili ya siku 3 hadi 15. Mjamzito amweleze mtaalamu wa mionzi kabla ya kusimama. Ataamuliwa kama aanze na makohozi, au apigwe picha akiwa amefunikwa tumbo kwa aproni ya risasi.

Atakayeambiwa atoe makohozi huku hakohoi asione haya. Muuguzi atamwelekeza avute pumzi ndefu mara kadhaa na kukohoa kwa nguvu kutoka kifuani, akiwa nje penye hewa. Mate hayafai. GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa mbili tangu sampuli iwekwe ndani, na hueleza pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu. Kama sampuli inapelekwa kwingine, kwa mfano Hospitali ya Mji Korogwe, Magunga, au Hospitali ya Mji Handeni, jibu huchukua muda zaidi, hivyo namba ya simu iandikwe vizuri.

Watoto wana njia yao

Ruhusa ya WHO ya kutumia kompyuta peke yake inawahusu wenye miaka 15 na kuendelea. Picha ya mtoto isomwe na mtaalamu. Korogwe ina historia ya kazi hiyo: ilikuwa moja ya vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, na nimonia ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyofuatiliwa kwa picha za kifua zilizosomwa kwa vigezo vya WHO.

Utafiti mwingine, uliofanyika mwaka 2013 kwa watoto wenye homa waliofikishwa hospitali ya wilaya ya Korogwe, uliwakuta wengi zaidi na maambukizi ya njia ya hewa kuliko malaria. Mzazi mwenye mtoto anayepumua haraka au ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi ampeleke kituoni hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha hana. Mtoto asiyeongezeka uzito, mwenye kikohozi cha muda mrefu au anayeishi na mgonjwa wa TB anaweza kupimwa kwa kinyesi, kwa kuwa watoto humeza makohozi yao.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuondoka

- Picha yangu imesomwa na kompyuta, na mtaalamu, au na wote wawili?
- Je, natakiwa kutoa makohozi leo? Jibu nitalipata wapi na lini?
- Je, mmeandika kwamba niliwahi kutibiwa TB, au kwamba nilifanya kazi ya machimbo au ya mkonge?
- Kama si TB, doa lililoonekana linahitaji daktari mwingine?
- Picha imehifadhiwa kwa jina gani, ili ilinganishwe na nyingine baadaye?

Makohozi yakithibitisha

Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya umma. TB isiyo sugu hutibiwa kwa miezi 6: miezi 2 kwa dawa nne, kisha miezi 4 kwa dawa mbili, zikiwa zimechanganywa kwenye kidonge kimoja ili kurahisisha kumeza. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, na hilo halina madhara. Macho yakiwa ya njano au kichefuchefu kikizidi, mgonjwa arudi kituoni mara moja. Mpango wa Tanzania ulioanza mwaka 1977, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, ndio uliochangia kuzaa utaratibu wa DOTS ambao dunia iliuiga baadaye: mgonjwa humeza dawa chini ya macho ya mtu anayemwamini, awe mke, kaka au mhudumu wa afya.

Kaya nzima hupimwa pia. Watoto wenye umri chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU, wakishathibitishwa kuwa hawaugui, hupewa dawa ya kinga: isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au rifapentini pamoja na isoniazidi mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Zahanati ya karibu itaielekeza familia kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, na simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199, hupokea maswali ya wananchi.